Mumiani wa njia ya Ujiji

Ndugu msomaji, juma hili naomba tuzungumze juu ya wanyonya damu. Usishtuke, wala usiinuke kufunga mlango. Sikuletei uvumi mpya. Nataka tutazame uvumi wa zamani, tuuulize ulitoka wapi, ulipita njia gani, na kwa nini mpaka leo haujakubali kufa.

Nikitaja wanyonya damu, wengi wenu mjini mtakumbuka sinema. Ipo aina moja ya sinema za Marekani ambazo wengi wetu tumeziona katika vibanda vya video, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri akitusimulia kwa Kiswahili chake. Hadithi zake ni ndugu. Barabara ni ndefu, jangwa liko pande zote, kijana amepewa lifti au ametoa lifti, na usiku unapoingia anagundua kwamba wale alioketi nao garini hawali ugali wala wali. Mwaka 1987 mama mmoja aitwaye Kathryn Bigelow alitengeneza sinema ya namna hiyo, Near Dark. Humo ukoo mzima wa wanyonya damu unatangatanga na magari ambayo vioo vyake vimezibwa ili jua lisipenye. Mwaka 1996 ikaja From Dusk Till Dawn, ya baa ya njiani nchini Mexico ambako madereva wa malori huingia kunywa na hawatoki. Mwishoni kamera inarudi nyuma, nawe unaona nyuma ya baa lile rundo la malori ya watu walioliwa miaka na miaka. Mwaka 2001 ikafuata The Forsaken, tena barabarani, tena jangwani.

Wenye sinema hupenda jangwa kwa sababu ya mfuko. Jangwa halidai kodi ya pango. Hakuna nyumba za kujenga, hakuna umati wa kulipa, na taa kubwa ni jua la Mungu. Near Dark iligharimu kama dola milioni 5, na kwa Hollywood hizo ni fedha za sigara. Lakini mfuko peke yake haujibu swali langu. Dracula, yule wa kitabu cha Bram Stoker cha mwaka 1897, alikuwa bwana wa ngome. Hata alipokwenda London alikwenda kama tajiri anayenunua nyumba. Mjukuu wake wa Marekani hana nyumba. Makao yake ni gari na mji wake ni barabara. Kwa nini?

Jibu langu ni kwamba njia kuu ndipo mahali ambapo mtu hajulikani ni mwana wa nani. Kijijini kila uso una ukoo wake. Njiani unakutana na uso mtupu: huyu anatoka wapi, amebeba nini, na kwa nini ana haraka? Hofu ya mnyonya damu hustawi hapo. Na kama ni hivyo, basi sisi tulikuwa nayo kabla kamera haijaletwa, kwa sababu tunayo njia kuu ya zamani kuliko barabara hizo za lami.

Nazungumzia njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupitia Ugogo hadi Tabora na kuishia Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Nchi yetu ya magharibi haina jangwa la mchanga. Lakini waliopita njia hiyo walikuwa na jangwa lao, nalo lilikuwa na jina: Mgunda Mkali. Ndilo lile pori kavu kati ya mwisho wa Ugogo na mwanzo wa Unyamwezi, pande za Manyoni na Itigi za leo, mpaka utokee Tura. Maji yalikuwa ya kuhesabu kwa kibuyu, na vijiji vilikuwa vichache mno. Aliyeugua humo aliachwa chini ya mti, maana kumngoja mmoja kulikuwa ni kuwafisha kiu wengine mia. Richard Burton na John Speke walilipita, wakafika Kaze, yaani Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Lakini wenye habari kamili ya pori hilo hawakuandika kitabu. Ni wapagazi.

Sisi wana wa Tabora tunapenda kujisifu kwa wapagazi wetu, na tuna haki. Mnyamwezi alikuwa mchukuzi huru mwenye kujadili ujira wake kwa doti za nguo na kudai posho yake kwa kibaba. Alibeba karibu frasila mbili begani, yaani kilo thelathini na kitu, mbali na kitanda, sufuria na bunduki yake mwenyewe. Makumi ya maelfu walipita kila mwaka katika siku za neema ya pembe. Kijana ambaye hajawahi kufika pwani alichekwa na wasichana.

Pamoja na sifa hizo, tuseme na lingine. Njia ile ilikula watu. Ilikula kwa ndui, kwa kuhara, kwa kiu, kwa vita vya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe. Na katika misafara ileile ya wachukuzi huru walitembea pia wale waliofungwa shingo. Kila kilichokwenda pwani kilikwenda kugeuzwa kitu kingine, mbali, kwa namna ambayo mchukuzi hakuionyeshwa. Pembe za ndovu zilizopumzika chini ya miembe ya Tabora ziligeuka kuwa vibonye vya piano na mipira ya biliadi huko Ulaya na Marekani. Nani angemweleza mtu wa Tura kwamba tembo anauawa na watu wanakufa njiani ili mzungu mmoja asukume kijipira juu ya meza? Maelezo hayo, ndugu msomaji, yenyewe yanafanana na uchawi.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Mumiani. Halikuzaliwa kwetu. Asili yake ni Uajemi, ambako lilitaja dawa nyeusi ya jamii ya lami, inayopatikana miambani, iliyotumika kwa mifupa iliyovunjika na maumivu ya mwili. Biashara ya bahari ikaileta hadi Bara Hindi na pwani yetu. Neno hilohilo lilikwenda Ulaya, na huko likawa jina la zile maiti zilizokaushwa za Misri. Wauza dawa wa Ulaya, kwa mamia ya miaka, walisaga maiti hizo na kuuza unga wake kwa wagonjwa. Naam, wenzetu walikula wafu kwa maagizo ya tabibu. Kwa hiyo mtu wa pwani aliyesema kwamba dawa ile nyeusi imetoka katika mwili wa binadamu hakuwa amepotea njia peke yake. Kamusi ya Kiswahili ya Frederick Johnson, iliyotoka mwaka 1939, inaeleza dawa hiyo. Kisha inaongeza kwamba watu wengi waliamini kuwa ni damu ya watu waliouawa kwa ajili hiyo. Jina la dawa likahamia kwa anayeitafuta. Mumiani akawa mtu, akapata miguu, akaingia njiani.

Na njia yetu, kana kwamba inataka kutia chumvi, ikapitisha maiti iliyokaushwa kweli. Mwaka 1873 David Livingstone alifariki katika kijiji cha Chitambo, nchi inayoitwa leo Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, walitoa moyo na matumbo wakavizika chini ya mti. Mwili wakautia chumvi, wakaukausha kwa jua, wakaufunga kwa magome ya mti na turubai, wakaubeba. Walifika Unyanyembe mwezi Oktoba. Hapo walimkuta Mwingereza Cameron, ambaye aliona heri mwili uzikwe palepale. Wakakataa. Walipoendelea mbele, wenyeji walipinga maiti ipite katika nchi yao. Wakafanya hila. Walijidai wanairudisha Unyanyembe ikazikwe, huku mwili wenyewe wakiufunga upya kama mtumba wa nguo, mzigo kama mizigo mingine, ukapita. Mwezi Februari 1874 ulifika Bagamoyo, na Aprili 18 ukazikwa Westminster Abbey.

Sisemi kwamba uvumi ulianza hapo. Sina ushahidi huo. Na kitendo cha Chuma na Susi ni cha uaminifu wa ajabu, kinachostahili kufundishwa watoto. Lakini jiweke mahali pa mkulima aliyesimama kando ya njia mwaka ule. Amesikia kwamba wageni wanachukua miili ya watu na kuipeleka pwani. Anaambiwa na wazee kwamba huo ni upuuzi. Na mbele yake unapita mtumba wa nguo ambao si wa nguo. Uvumi hauhitaji kuwa kweli kila siku. Siku moja tu yatosha kuulisha kwa miaka mia.

Kisha vyombo vikabadilika. Wajerumani, baada ya kumshinda Mtemi Isike mwaka 1893, walileta utawala wao, na nyuma yake reli. Mwaka 1912 garimoshi lilifika Tabora, na mwaka 1914 likafika Kigoma. Mpagazi akaambiwa apumzike. Hakupumzika. Mwaka uleule wa 1914 vita ikaanza, na watu wakakamatwa kwa nguvu kubebea majeshi mizigo. Wabelgiji walipoingia Tabora mwezi Septemba 1916, walifuatwa na misululu ya wachukuzi kutoka Kongo. Kwa upande wa Waingereza, Wajerumani na Wabelgiji wote, wachukuzi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi. Hawakuandikiwa barua za rambirambi. Kijana alichukuliwa shambani, akaonekana anavuka kilima, basi. Ukiwa mama yake, utasema ameliwa na nani?

Ni baada ya vita hiyo, katika miaka ya 1920 na 1930, ambapo hadithi ya mnyonya damu ilivaa sare. Nairobi, Kampala, Dar es Salaam na miji mingi kati yake, watu walisema kwamba kazi hiyo inafanywa na wazimamoto. Jina hilo lilienea mpaka mahali pasipokuwa na kituo cha zimamoto wala moto wa kuzimwa. Katika nchi zetu za maziwa waliitwa pia chinjachinja. Kongo, upande wa Katanga, walikuwa na majina yao. Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini vilevile. Lakini vyombo vyao vilifanana kila mahali: gari lisilo na taa, gari jekundu, gari lisilo na madirisha nyuma, mpira wa kuvuta, sindano, na shimo mahali fulani ambamo watu huwekwa. Mzungu ndiye tajiri. Wanaofanya kazi yenyewe ni Waafrika waajiriwa, wenye mshahara na kofia, ambao huondoka nyumbani usiku na hawamwambii hata mke wanakwenda kufanya nini.

Mimi nimekulia Tabora, na nimeyasikia haya kabla sijajua kusoma. Tulikatazwa kusogelea gari lililoegeshwa kando ya njia magharibi inapoingia. Tuliambiwa tusipokee peremende kwa mtu aliye ndani ya gari. Bibi zetu hawakutaja ngome wala popo. Walitaja gari. Kwa hiyo nilipokuja kuona katika sinema ya Marekani gari lililozibwa vioo likiingia kijijini usiku, wenzangu katika kibanda walishtuka, na mimi nikasema moyoni: huyu namfahamu, amewahi kupita kwetu.

Tujiulize basi kwa nini gari na sindano. Katika mapori ya magharibi kulikuwa na sababu ya karibu sana, nayo ni malale. Ugonjwa huo, uletwao na mbung'o, uliwashambulia watu wa Tabora, Kahama na Kigoma katika miaka hiyohiyo. Serikali ya Kiingereza iliamua kwamba dawa ni kuwatoa watu katika pori. Familia ziling'olewa kwenye mashamba na makaburi ya wazee wao, zikakusanywa katika makazi mapya yaliyofyekwa. Waganga wa serikali wakaja na magari, wakapanga watu mstari, wakawachoma vidole, wakachukua damu juu ya vipande vya vioo, wakaondoka navyo. Kazi hiyo iliokoa maisha ya wengi, lazima tuseme. Lakini tazama jinsi ilivyoonekana kwa aliyesimama mstarini. Gari limekuja, damu imechukuliwa, damu imekwenda na gari, na wiki moja baadaye amri imetoka kwamba uhame. Hakuna aliyekaa chini na wazee kueleza kilichosomwa ndani ya ile damu.

Mwanahistoria wa Kimarekani Luise White, aliyezunguka Kenya na Uganda akisikiliza wazee, alitoa mwaka 2000 kitabu kizima juu ya habari hizi. Mafundisho yake, kwa ufupi wangu mimi, ni haya: usimwulize mzee kama ni kweli wazimamoto walinyonya damu. Sikiliza anataja kazi gani, gari gani, mshahara gani, barabara gani, nawe utajifunza jinsi ukoloni ulivyoonekana kwa macho ya aliyetawaliwa. Nakubaliana naye. Hadithi ya mumiani ni daftari la watu wasiokuwa na daftari. Waliandika humo kwamba kuna watu wanachukua kutoka kwetu kitu cha uhai, wanakipeleka mbali, wanakigeuza mali, na sisi hatuambiwi bei yake. Ukibadilisha neno damu ukaweka neno jasho, utaona kwamba hawakukosea sana.

Lakini hapa, ndugu msomaji, naachana na wasomi wanaoishia hapo. Wapo wanaofurahia uvumi huu kama mtu afurahiavyo shairi. Wanasema ni upinzani wa wanyonge, ni falsafa ya watu. Vizuri. Mimi nauliza: katika miaka yote hiyo, upanga wa uvumi huu ulimwangukia nani? Je, ulimfikia mwenye kampuni ya pembe? Ulimfikia gavana? La hasha. Aliyelipa ni yule aliyekuwa karibu: dereva, mganga, askari, mgeni.

Mwaka 1959, Buguruni, Dar es Salaam, kelele za mumiani zilikusanya umati, na aliyeuawa alikuwa askari polisi. Ilikuwa imebaki miaka miwili tu tupate Uhuru. Ungetegemea kwamba bendera ilipobadilika na yule mzungu mwenye shimo akafungasha virago, mumiani naye angefungasha. Hakwenda. Alibaki njiani, akabadili gari.

Tarehe 1 Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi, Wilaya ya Chamwino, Mkoa wa Dodoma, walifika watu watatu kwa gari. Wawili walikuwa watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Selian, Arusha, na wa tatu dereva wao. Ikapigwa kelele kwamba ni wanyonya damu. Umati ukakusanyika, wakashambuliwa kwa silaha za jadi, wakauawa, wakachomwa moto pamoja na gari lao. Hawakuwa wazungu. Hawakuwa wakoloni. Walikuwa watumishi wa umma waliotumwa kazi ambayo faida yake ni ya mkulima yuleyule wa Ugogo.

Nataka ulitazame jina la mahali. Mvumi. Nchi ya Mvumi imo katika habari za njia ya misafara. Stanley alipita huko mwaka 1871 akielekea Tabora kumtafuta Livingstone, akalipa hongo ya nguo kama kila mpita njia. Misafara, pembe, maiti iliyofungwa kama mtumba, wachukuzi wa vita: vyote vilikwenda kwa njia ya Ugogo. Sisemi kwamba wananchi wale walikumbuka mwaka 1871. Kumbukumbu ya njia haikai hivyo. Yenyewe hukaa kama tabia: gari geni likisimama, akili inatafuta jibu lililo karibu, na jibu lililo karibu ndilo lile la bibi.

Wala si sisi peke yetu. Mwaka uliofuata, 2017, uvumi huohuo ulizuka kusini mwa Malawi, watu kadhaa wakauawa, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa watumishi wake katika wilaya mbili. Palepale katika nchi iliyokuwa Nyasaland, ambako mnyonya damu alikwisha kutajwa tangu zama za mkoloni.

Sasa nirudi kwenye sinema, maana kuna jambo nililojifunza humo. Sinema ya mnyonya damu, hata iwe ya bei chee namna gani, ina hisani moja: inakuonyesha meno. Unamwona mnyonya damu ni nani na asiye ni nani. Mtengenezaji amekuhakikishia. Na mwishoni taa inawashwa, unafuta jasho, unanunua karanga, unakwenda nyumbani. Vijana wetu nao wamejaribu fani hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa Nsyuka, kisha Shumileta, filamu za kutisha zilizotengenezwa kwa fedha kidogo na video za mkononi, na watu wakazinunua. Mimi naziheshimu kazi hizo. Anayeogopa ndani ya kibanda, akijua kwamba anaogopa mchezo, hajamdhuru mtu. Bado sijaiona filamu ya Mgunda Mkali, ya msafara unaopungua mtu mmoja kila usiku. Siku ikitoka nitakata tikiti ya mbele.

Uvumi hauna hisani hiyo. Hauonyeshi meno. Unakuonyesha gari na kukuachia wewe kazi ya kuweka meno. Na umati haujawahi kusubiri kuyahesabu.

Mtu ataniuliza: basi dawa ni nini? Wapo wasemao dawa ni elimu, wakimaanisha kwamba wanakijiji wafundishwe kuwa mumiani hayupo. Nadhani hilo halitoshi, na pengine limegeuzwa kichwa chini. Mwenye kwenda kijijini ndiye wa kufundishwa kwanza. Yeye ndiye anayeingia na gari, vifaa, daftari na lugha ya ofisini. Misafara ya kale, pamoja na ubaya wake, ilijua adabu moja: huingii katika nchi ya mtu kimyakimya. Ngoma ilipigwa, kirangozi alitangulia, mtemi alipelekewa salamu, na hongo ilijadiliwa hata siku tatu. Wazungu waliandika vitabu kuilalamikia hongo hiyo, wakaiita uporaji. Lakini ndani ya ule mjadala wa siku tatu kila upande uliutazama uso wa mwingine. Mtemi alijua nani anapita, na mpita njia alijulikana amepitishwa na nani. Leo tuna barua yenye mhuri inayoishia mezani kwa mkuu, na gari linalokwenda kasi kupita nyumba ya mwenyekiti wa kitongoji. Barua haina uso.

Sisemi turudishe hongo. Hongo ya siku hizi tunaifahamu, nayo haihitaji kurudishwa, iko kazini. Nasema turudishe salamu. Anayechimba udongo aueleze udongo kwa wenye udongo. Anayechukua damu arudi kueleza amesoma nini ndani yake. Na serikali ya kijiji itangaze mgeni kabla mgeni hajatangazwa na uvumi.

Upande wa pili nao una wajibu wake, na huo ni wetu sote, mjini na shamba. Mpiga kelele wa kwanza ni mtu mmoja. Wanaoua ni wale mia waliokimbilia bila kuuliza. Mwenye kuuliza swali moja tu, "Umemwona nani akifanya nini?", anaweza kuokoa roho tatu. Swali hilo halihitaji cheti cha darasa lolote.

Tena kuna ushahidi kwamba watu wetu wanaweza kubadilika, na uko palepale Tabora. Mpango wa Taifa wa Damu Salama ulipoanzishwa mwaka 2004, vituo vyake viligawanywa kwa kanda, na kituo cha Kanda ya Magharibi kikawekwa Tabora. Fikiri jambo hilo. Katika mji ule wa njia ya misafara, mjini kwa bibi zetu waliotukataza kusogelea gari, mtu anakunja shati kwa hiari yake, ananyoosha mkono, anaiangalia damu yake ikishuka katika mfuko, kisha anapewa soda. Gari linaondoka na damu hiyo, na hakuna anayepiga kelele. Kwa nini? Kwa sababu ameambiwa inakwenda wapi. Inakwenda kwa mama anayejifungua, kwa mtoto mwenye malaria aliyeishiwa damu, kwa majeruhi wa ajali ya basi. Mwaka kesho yaweza kurudi kwake mwenyewe.

Damu ni ileile na sindano ni ileile. Kinachowatenganisha mumiani na mganga ni maelezo. Aliyechukua bila kueleza alituachia hadithi ambayo imetutesa miaka mia. Anayeomba, akaeleza, akashukuru, anapewa.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Methali hiyo inatukumbusha kwamba mgeni aweza kuwa heri. Basi gari geni likisimama mtaani kwako juma hili, nenda kalisalimu. Na wewe uliye ndani ya gari, teremsha kioo.

Tuonane juma lijalo, Mungu akipenda.